Hodi Tatu Pompei

Watu wenye akili timamu wakitaka kumwambia mama yao neno zito humpeleka Umra, wakamwambia huko, moyo wake ukiwa laini. Kaka yangu mkubwa alimpeleka mama yetu kwenye mlima wa moto.

Sababu zake alinieleza kwenye simu, kwa ile sauti yake ya mkurugenzi mstaafu ambayo imekosa mkutano wa kuongoza tangu wizara ilipomuaga kwa keki na saa ya ukutani. Mama, alisema, hawezi tena kukaa peke yake Hamriya, katikati ya Maskati. Nyumba ina ngazi na magoti yake mabovu. Majirani wa zamani wote wamehama. Na juu ya yote hayo, akili yake imeanza kuteleza. Alitaka ahamie kwake Khoudh, nje ya mji, kwenye chumba cha chini chenye choo chake, kiyoyozi chake na dirisha linalotazama magari matatu. Nyumba ya Hamriya ingepata wapangaji.

"Tukiwa safarini atatulia," alisema, "na hapo ntamwambia. Wewe utakuwepo uone mwenyewe akili yake ilivyo. Tuseme kwa mdomo mmoja tu, basi."

Nikasema sawa. Mimi ni binti pekee, na mume niliachana naye zamani, kwa hiyo katika ukoo wetu nimekuwa mali ya umma. Kumpeleka mtu hospitali, kumtafsiria daktari, kumsindikiza safari, zote ni kazi zangu. Nakaa Mawaleh, nafanya kazi ofisini mpaka adhuhuri, na kwa mama nakwenda mara tatu kwa wiki, nikizunguka Hamriya nusu saa nzima kutafuta pa kuegesha gari. Nalitaja jambo la gari mapema ili nisionekane mtu wa maana kuliko nilivyo.

Nyumba yenyewe, maana ndiyo iliyokuwa ikipiganiwa, ni ya ghorofa moja kwenye uchochoro nyuma ya maduka. Chini kuna fundi cherehani wa Kibangali na Mmalabari, Mhindi wa kusini, anayetengeneza simu. Juu ndiko kwa mama. Tulipotoka Unguja ndipo tulipofikia, sisi na jamaa wengine wengi, na ule uchochoro ulikuwa ukinukia mchuzi wa nazi tangu asubuhi. Kisha watu wakapata vyeo. Wakapata mikopo. Wakaenda kujenga Khoudh na Mawaleh majumba yenye sebule mbili, moja ya wanaume na moja ya wanawake, na hakuna anayekaa katika yoyote kati ya hizo kwa sababu kila mtu yuko chumbani na simu yake. Mama hakwenda. Kila siku baada ya alasiri hushuka ngazi zake, akaketi kwenye kiti cha plastiki kando ya duka la fundi, akaamkiana na dunia. Mmalabari humletea pilipili mbichi. Mbangali humletea malalamiko.

Mwezi mmoja kabla ya safari kaka alimpeleka dalali akatazame vyumba, eti kutazama si dhambi. Mama alitoka msalani akamkuta mwanamume asiyemjua chumbani kwake, kapiga magoti kando ya kitanda, anapima ukuta kwa utepe. Kaka alikuwa amesimama mlangoni akiandika. Mama hakupiga kelele wala hakuuliza. Alivaa ushungi wake, akaingia jikoni, akawapikia chai ya maziwa wote wawili. Baadaye kaka aliniambia hiyo ndiyo dalili yenyewe: mtu mwenye akili zake angeuliza.

Tukaruka mpaka Roma, tukapanda treni mpaka Napoli. Kaka alikuwa amevaa kizibao cha rangi ya mchanga chenye mifuko isiyo na idadi, na katika kila mfuko kulikuwa na karatasi inayothibitisha karatasi iliyo katika mfuko mwingine. Mama alichukua begi moja la nguo na moja la chakula: halwa, tende, achari ya ndimu, mikate ya mofa iliyokaushwa, na birika la umeme lililofungwa kwa kanga. Kaka alimcheka, eti tunakwenda Ulaya, si kambini. Siku ya pili, baada ya kuwahoji wahudumu wa mikahawa mitatu kuhusu nguruwe, mvinyo, na kama kisu kilichokata nguruwe kilioshwa kwa maji ya moto au ya baridi, alikuwa amekaa kwenye kitanda cha mama akichovya mofa kwenye chai. Nilizihesabu: alikula nne.

Napoli ilimpendeza mama tangu mwanzo. Nguo zimeanikwa madirishani, pikipiki zinapita juu ya vidole vya watu, wanawake wanagombana kutoka roshani hadi roshani. "Hapa pana watu," alisema, akavuta kiti mlangoni mwa hoteli akakaa. Khoudh hajapata kupasifu hivyo. Kwa kaka akienda kutwa, huuliza saa kila baada ya robo saa.

Kaka alikuwa na mpango ulioandikwa. Siku ya tatu magofu ya Pompei, mji wa Warumi uliofukiwa na jivu. Siku ya nne mlima wenyewe uliowafukia, Vesuvio, mpaka juu kwenye shimo. Jioni ya siku ya nne, mazungumzo. Mpango ulionyesha hata saa ya mazungumzo, baina ya sala ya magharibi na chakula.

Pompei alitukodia mwongozaji wa peke yetu, kwa kuwa hapendi kutembea na kundi. Katika kundi watu humsikiliza mwongozaji. Alikuwa mwanamke wa Kitaliana wa makamo, sauti imekwaruzwa na sigara, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, Kiingereza chake kifupi kifupi lakini kimenyooka. Kaka alianza kumfundisha kazi tangu getini. Alipoonyeshwa mabomba ya risasi yaliyopeleka maji majumbani, alimwambia sisi Oman mifereji ya aflaji tulikuwa nayo kabla ya hawa kujua kunawa. Mwongozaji akasema, "Hongera." Kaka akaiona ni hongera.

Nyumba ya kwanza tuliyosimama ilikuwa na kiti cha mawe kirefu nje, pande zote mbili za mlango. Mama alikipapasa kwa kiganja.

"Baraza!" alisema. "Wallahi hii baraza!"

Nilimtafsiria mwongozaji, naye akafurahi, akaeleza kwamba asubuhi wenye shida zao walikaa hapo kumsubiri bwana mkubwa mpaka waitwe ndani. Mama akaitikia kwa kichwa, ameridhika: waungwana hao. Kisha mwongozaji akaingia, kaka akaingia, simu yake imeinuliwa inarekodi, mimi nikafuata. Mama hakufuata. Tulimsikia nje, kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kwenda kwa jirani kuomba kitunguu:

"Hodi!"

Tukasubiri.

"Hodi wenyewe!"

Mwongozaji alinitazama. Nikamwambia anabisha hodi tu, ni desturi. Mama akaita mara ya tatu, akasubiri kadiri ya mtu anayeteremka ngazi kuja kufungua, kisha akarudi zake akaketi kwenye baraza na mkoba wake mapajani. Tulitazama bwawa la kukingia mvua, kuta nyekundu, sakafu ya vijiwe. Tulipotoka alikuwa anawasalimia Wajapani.

Nyumba ya pili, hodi tatu, akakaa nje. Ya tatu vivyo hivyo. Mwongozaji, mtu wa watu, aliinama akamwambia kwa ishara na tabasamu, karibu mama, ingia, na mama akamjibu kupitia kwangu: "Mwambie ahsante, lakini yeye si mwenyewe." Kaka alinivuta pembeni nyuma ya nguzo. Uso wake ulikuwa na huzuni, lakini ilikuwa huzuni ya mtu aliyeshinda kesi.

"Unaona? Anazungumza na maiti wa miaka elfu mbili. Nilikwambia mie."

"Anabisha hodi, kaka."

"Kwa nani?"

Akamtumia mkewe ujumbe wa sauti mbele yangu, amwandalie mama kile chumba.

Kwenye nyumba ya nne aliamua kulimaliza jambo. Alisimama mbele ya mama, mikono kiunoni, akamwambia kwa upole ule ambao watu hutumia kwa watoto na kwa wafanyakazi wasiojua lugha, "Mama, hizi si nyumba tena. Makumbusho haya. Wenyewe wamekufa zamani."

"Najua wamekufa, baba. Tiketi hatukulipia harusi."

"Sasa hodi ya nini?"

"Hodi mara tatu, usipojibiwa urudi. Hujafundishwa hayo? Nimekufundisha mwenyewe."

"Hiyo ni kwa walio hai."

"Aliye hai akikukuta chumbani kwake bila ya hodi anaweza kukufukuza," mama alisema. "Maiti atafanya nini? Khasa yeye ndiye wa kumpigia hodi."

Kaka aliangalia viatu vyake, vipya, vya kupandia milima, vya bei mbaya. Mimi nilielewa pale pale kwamba mama hakuwa akizungumza na maiti hata kidogo. Alikuwa anazungumza na mwanawe, na alikuwa amekuja mpaka Italia kumwambia. Nilielewa, na sikusema neno, kwa sababu nilikuwa nimeahidi mdomo mmoja.

Mahali pekee alipoingia bila ya hodi ni kwenye kiduka cha chakula pembeni mwa njia, chenye kaunta ya mawe na mitungi iliyojengewa ndani yake. Duka halipigiwi hodi. Alitoa salamu, akachungulia kila mtungi, akauliza walikuwa wakiuza nini, akaambiwa dengu na samaki na mvinyo. Akasema pangefaa maandazi.

Kisha tukaonyeshwa wale watu wenyewe, au umbo lao, plasta iliyomwagwa kwenye uwazi ulioachwa na miili ndani ya jivu. Mmoja kajikunja, mikono usoni. Wageni walikuwa wanajipiga picha naye. Kaka alisema tusikae sana mahali hapa, waliteremshiwa adhabu, na alilisema hilo akizunguka kabati lao la kioo polepole ili apate picha ya upande wa pili. Mama aliuliza kama walizikwa. Mwongozaji akasema hapana, wanawekwa hapa kwa ajili ya watazamaji. Mimi nikamwambia mama kwamba wanangojea kuzikwa. Sijui kwa nini. Mazoea. Mama alinitazama kidogo zaidi ya inavyotazamwa tafsiri, akasoma dua yake, akatoka.

Mbele zaidi kulikuwa na foleni ndefu kuliko zote, karibu wote wanaume, na kaka, mtu asiyependa makundi, akaingia kwenye foleni bila kuuliza, kwa imani kwamba penye foleni pana jambo la maana. Mwongozaji alituambia sisi wanawake wawili kwa Kiingereza chake kilichonyooka hiyo ilikuwa nyumba gani, na wanaume wa Pompei walifuata nini humo, na kwamba michoro ya ukutani ndiyo iliyokuwa orodha ya bei. Nikamgeukia mama nikasema, "Nyumba ya wageni."

Mama alimtazama mwanawe kwenye foleni, na kizibao chake, anajipepea kwa ramani.

"Mwache aingie," alisema. "Mimi hapa hata hodi sipigi."

Nilicheka nikidhani amechoka. Kaka alitoka baada ya muda mfupi sana, masikio mekundu, akasema hapana kitu cha kutazama humo.

Siku ya nne tukaenda Vesuvio na mwongozaji yule yule. Gari hupanda mpaka mahali fulani likagota, na kutoka hapo ni miguu: njia ya changarawe na jivu inayopinda mara kadhaa mpaka mdomoni. Getini wanatoa fimbo. Kaka aliikataa yake, akaeleza namna ya kuvuta pumzi mlimani, puani ndani, mdomoni nje, akatangulia. Mama alichukua fimbo, akakunja ncha ya buibui lake akaichomeka kiunoni, chini raba nyeupe nilizomnunulia madukani Ruwi. Nilimwomba anishike mkono. Akasema mkono wake anautaka.

Alipanda kama anavyopanda ngazi zake, hatua, pumzi, hatua. Kwenye kila pindo alisimama akauliza jina la ua la manjano lililoota kwenye mawe, na lilikuwa ua lile lile. Kwenye pindo la pili tulimkuta kaka ameketi juu ya jiwe, uso una rangi ya achari. Hapumui puani wala mdomoni, anapumua kwa mabega. Alisema tutangulie, yeye anataka kupiga picha ya bahari kwa utulivu. Akaninong'oneza nilipompita, "Jioni, usisahau," na hata kunong'ona kulimchosha.

Kwa hiyo juu tulifika watatu, mama, mwongozaji na mimi, mama mbele. Nataka hilo liandikwe.

Shimo ni kubwa, siwezi kulidharau. Ukuta wa mawe ya kijivu na kutu, na upande mmoja moshi mwembamba unatoka kwenye ufa kama wa mtu anayevuta sigara kwa kujificha. Mama aliuegemea uzio akautazama ule moshi.

"Ndio huu?" aliuliza. "Ulioua mji mzima?"

"Ndio huu."

"Pilau ya harusi ina moshi kuliko huu." Lakini hakucheka, na aliondoka kwenye uzio kwa heshima, akageuka kutazama upande wa pili, chini.

Chini kulikuwa na majumba. Hilo ndilo ambalo picha hazikuonyeshi. Yanaanzia pwani, yanapanda mguu wa mlima, dari juu ya dari, nguo zimeanikwa, mpaka unashangaa nani alipima na nani aliruhusu. Mama aliuliza kama mlima bado ni mzima. Mwongozaji akasema mzima kabisa, umelala tu, na ukiamka hao wote hawana muda. Basi mama akasema:

"Muulize kwa nini hawahami."

Nikamuuliza. Mwongozaji aliivua miwani, akaifuta kwa shati. Alisema serikali imeshawaambia wahame, imewaahidi na msaada, na wengi hawataki. Akanyoosha kidole kwenye mji mmoja miguuni mwa mlima. Mama yake mwenyewe yuko pale, alisema, mzee, peke yake, ghorofa ya tatu. Alimwandalia chumba kwake mjini. Akakipaka rangi. Mama yake alikuja akakitazama, akasema kizuri, akarudi kwake. "Nililia, nikagombana naye mwaka mzima," alisema. "Halafu nikaelewa. Ni nyumba yake na mauti yake. Sasa nakwenda kila Jumapili, na ninakula vizuri."

Alisema hivyo kwa Kiingereza, akitabasamu. Mama alikuwa ananitazama mdomoni, anangoja.

Na kaka hakuwepo. Hilo nimelirudia kichwani mara nyingi nikitafuta pa kulikwepa. Alikuwa mapindo mawili chini juu ya jiwe lake, hakunisikia, hakunikonyeza, sikuwa na wa kumsingizia. Nilikuwa na mama yangu na neno la mwanamke mwingine, na nilichokifikiria, nakiri, ni Hamriya saa saba mchana, jua la Agosti, mara ya tano nazunguka mtaa ule ule, na nyuma yangu lori la maji linapiga honi. Nilifikiria Khoudh, mahali pa kuegesha magari sita.

"Anasema mama yake alikuwa akikaa pale chini," nikamwambia. "Akaogopa. Akahamia kwa binti yake, na sasa anastarehe, alhamdulillahi."

Mama akaendelea kunitazama. "Anasema hivyo?"

"Ndiyo."

"Kafurahi huyo mama?"

"Sana."

"Basi alhamdulillahi," mama alisema, akachukua fimbo yake akaanza kushuka.

Kaka tulimkuta amepata rangi na ametengeneza maelezo. Tukaingia garini, yeye mbele kwa dereva, sisi wanawake watatu nyuma, mama katikati. Kaka aligeuka akaniuliza kwa Kiarabu, ili kwa maoni yake iwe siri, kama mama alihangaika sana huko juu. Nikasema hakuhangaika. Gari likateremka mapindo mawili matatu. Halafu mama akamgeukia mwongozaji, akaweka mkono wake juu ya mkono wa yule mwanamke, akasema kwa Kiingereza. Kilikuwa Kiingereza cha dukani, hakina vitenzi, lakini bei hakikosei.

"Mama yako. Pale chini. Peke yake. Mzima?"

Mwongozaji hakuona ajabu yoyote. "Mzima, sinyora. Kichwa kigumu tu."

"Kichwa kigumu, vizuri," mama alisema, akampigapiga mkono. "Wewe Jumapili, kila Jumapili. Binti mzuri."

Niliona haya. Nikatamani ule mlima uamke. Mama alisubiri mpaka ninyanyue uso, akanisemesha kwa Kiswahili, taratibu, bila ghadhabu, na ghadhabu ingekuwa nafuu.

"Maisha yangu yote nnakaa na Wamalabari na Mabangali na Wafilipino. Ulidhani nanunua nyanya kwa ishara?"

"Kwa nini basi unaniacha nikutafsirie, mama? Kwa daktari, kila mahali?"

"Nlikuwa napenda kukusikia. Mwanzo ulikuwa ukitafsiri vizuri." Akarekebisha ushungi. "Siku hizi daktari akisema maneno kumi unaniletea manne, yote matamu. Nkasema haya, mwanangu ananionea huruma. Lakini leo sikukuuliza nijue kasema nini yule. Nshamsikia. Nlikuuliza nijue utasema nini wewe."

Kaka aligeuka kutoka kiti cha mbele. "Kuna nini huko nyuma?"

"Hakuna kitu, baba," mama alisema. "Ile habari uliyonileta huku kuniambia, usijisumbue. Sihami."

Kaka alinikazia macho mimi, msaliti. "Nani kakwambia?"

"Utepe wa dalali."

Njiani kurudi Napoli mwongozaji alimwonyesha mama dirisha la mama yake tulipopita, ghorofa ya tatu, chungu cha mrehani kwenye roshani. Mama aliinua mkono akalipungia dirisha. Jioni, baina ya magharibi na chakula, kaka alikaa chumbani kwake na mpango wake ulioandikwa, na mama akaenda mlangoni mwa hoteli na kiti.

Siku mbili baada ya kurudi Maskati nilikwenda Hamriya na samaki wa soko la Matrah na maneno ya kuomba radhi niliyoyatunga njiani. Nilifungua mwenyewe, nikapanda, nikamkuta anachambua mchele. Samaki aliwapokea. Maneno aliyasikiliza mpaka mwisho, akasema yamekwisha, yeye si mtu wa kuweka mambo. Kisha akanyoosha kiganja.

"Nipe ufunguo wangu."

Nilidhani anatania.

"Wa kaka'ko nlimvua siku ile ile ya dalali, baada ya chai," alisema. "Wako nlikuachia. Nlisema wewe huna ubaya."

Ulikuwa kwenye pete moja na wa gari na wa ofisi, na kucha zangu zilishindwa kuufungua ule waya, nikahangaika nao mbele yake kwa muda mrefu, naye hakunisaidia. Alipoupata aliutia kwenye mfuko wa gauni lake, akaendelea na mchele.

Bado nakwenda mara tatu kwa wiki. Naegesha ninapopata, natembea juani, nafika uchochoroni nabonyeza kengele, na fundi cherehani ananitazama kwa huruma juu ya mashine yake. Namsikia mama huko juu akivuta kandambili, akisimama, akivuta tena, akiyalalamikia magoti kwa sauti ya kunifikia. Aliyepanda Vesuvio bila ya kushikwa mkono hutumia robo saa nzima kushuka ngazi kumi na nne, na mimi huisubiri yote.